Senta kijana kwenye mashindano ya kimataifa: alinde ringi, atupe kutoka mbali, au awe kitovu cha pasi?

Tarehe 11 Julai 2021, mjini Riga, Latvia, fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa kikapu la FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, kwa vijana wasiozidi miaka 19 iliwakutanisha Marekani na Ufaransa. Victor Wembanyama, senta wa Ufaransa aliyekuwa na umri wa miaka 17, alifunga pointi 22, akachukua ribaundi 8 (mipira iliyokosa kikapu) na kuzuia mitupo 8, kisha akapata faulo ya tano na kulazimika kuutazama mwisho wa mchezo akiwa benchi. Ufaransa ilifungwa 83 kwa 81. Hakuna awezaye kuapa kwamba matokeo yangegeuka kama angebaki uwanjani, lakini kila anayefundisha masenta, yaani wachezaji warefu wa karibu na kikapu, huiona fainali ile kwa jicho moja: kijana aliyekuwa akiutawala uwanja hakuwepo wakati ambapo pointi mbili zilikuwa na thamani kuliko zote.

Ninaanza na mchezo huo kwa sababu ulinganisho huu ni wa vijana walio kwenye njia panda, pamoja na makocha na wazazi wanaowashauri. Senta wa miaka 15 hadi 20 anayeitwa kwenye timu ya taifa, au anayehamia kwenye ligi inayofuata kanuni za FIBA, hukuta kwamba silaha zilizomfikisha pale hazikati kama zamani. Mara nyingi huwa na njia tatu mbele yake. Anaweza kujenga mchezo wake kuzunguka ulinzi wa ringi, yaani pete ya kikapu, na kumalizia chini ya kikapu; anaweza kutoka nje na kuwa mtupaji wa pointi tatu; au anaweza kusimama karibu na mstari wa mitupo huru na kuwa kitovu ambacho mashambulizi yote hupitia. Wote tunawajua wachezaji waliofanikiwa kwa kila njia, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa kijana huchagua kwa kumtazama anayempenda kwenye televisheni badala ya kuwatazama watu watakaompa mpira na waamuzi watakaompigia filimbi.

Vigezo vinne vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni nafasi ndani ya eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya kikapu. Katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi asiyemkaba mshambuliaji kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo hilo zaidi ya sekunde tatu. FIBA haina kanuni hiyo. Mshambuliaji bado anabanwa na sekunde zake tatu, ila mlinzi anaweza kusimama chini ya ringi kwa shambulio zima. Kwa senta, jambo hili lina sura mbili: anapolinda amepewa makao, na anaposhambulia anamkuta senta mpinzani amekwisha kukaa humo. Zaidi ya hayo, mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75 kutoka kwenye kikapu, na mita 6.60 kwenye pembe, ilhali ule wa NBA uko mita 7.24 katika sehemu kubwa ya tao lake. Karibu nusu mita hiyo humrahisishia mtupaji kazi, lakini pia humfupishia safari mlinzi anayeingia ndani kusaidia na kurudi kwa mtu wake. Wengi hutaja nusu ya kwanza ya hesabu hii na kuisahau ya pili.

Kigezo cha pili ni faulo. Mchezo wa FIBA una robo nne za dakika 10 na mchezaji hutolewa kwa faulo ya tano. NBA ina robo nne za dakika 12 na humtoa kwa faulo ya sita. Ukigawanya, kote mchezaji anapata dakika nane kwa kila faulo, na ndiyo maana vijana hudhani hakuna tofauti. Tofauti iko kwenye makosa ya mapema. Senta mwenye faulo mbili katika robo ya kwanza ametumia theluthi moja ya akiba yake kule NBA, lakini kwa FIBA ametumia sehemu mbili kati ya tano, na karibu kila mara kocha atamwita benchi. Isitoshe, chini ya FIBA faulo ya kiufundi anayopewa mchezaji huhesabiwa pamoja na zile tano, kwa hiyo maneno ya hasira kwa mwamuzi katika robo ya pili yanaweza kumnyima kijana dakika zake za robo ya nne. Nikitakiwa kuacha vigezo vyote nibaki na kimoja, nitabaki na hiki.

Kigezo cha tatu ni muda wa kuzoeana. Klabu hufanya mazoezi pamoja kwa miezi, wakati timu ya taifa ya vijana hukutana kwa muda mfupi kisha huingia kwenye mashindano ambayo hayana nafasi ya kujirekebisha polepole. Kombe la Dunia la vijana wa miaka 19 humpa kila mshiriki michezo saba ndani ya siku tisa. Mchezo wa senta unaohitaji kueleweka na wenzake wanne ni mali, lakini ni mali inayochelewa kuiva.

Cha nne ni mwili na mikono ya kijana mwenyewe, pamoja na miaka aliyo nayo ya kufanya mazoezi. Hiki hakihitaji maelezo marefu.

Njia ya kwanza: mlinda ringi

Huyu ndiye senta anayezuia mitupo, anayechukua ribaundi, anayeweka skrini (kusimama kama kizuizi mbele ya mlinzi wa mwenzake) kisha kukimbilia kikapuni kupokea pasi na kupiga danki, yaani kuutia mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu. Rudy Gobert wa Ufaransa na Walter Tavares wa Cape Verde ni mifano ya watu wazima. Kwa vijana, Khaman Maluach wa Sudan Kusini ndiye mfano wa karibu, kwani alicheza Kombe la Dunia la mwaka 2023 akiwa na miaka 16 na Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 17.

Nafasi. Upande wa ulinzi, hakuna njia inayopendelewa na kanuni za FIBA kuliko hii. Mlinda ringi anaweza kukaa nyumbani, na kuna zawadi ya ziada ambayo vijana waliozoea kanuni za NBA huisahau: katika mtupo wa kawaida, mpira ukishagusa ringi, mchezaji wa upande wowote anaweza kuugusa hata kama bado unacheza juu ya kikapu. Mlinzi mrefu anaweza kuufagia, na mshambuliaji mrefu anaweza kuusukumia ndani. Kijana aliyefundishwa kwa miaka kurudisha mkono wake hahitaji tu kuambiwa kanuni hii. Anahitaji kuizoesha mikono yake kwa kurudia mara mamia, kwa sababu nafasi yenyewe haizidi nusu ya sekunde.

Upande wa ushambuliaji mizani inageuka. Senta anayekimbia kutoka kwenye skrini hukuta mwili mwingine umekwisha simama mbele ya ringi, na pasi ya juu ya danki aliyoizoea haifiki. Inabidi ajifunze kuipokea pasi fupi karibu na mstari wa mitupo huru, asimame kwa miguu miwili, aone kama mlinzi amemjia, kisha amalizie kwa mtupo mwepesi wa karibu au ampe mwenzake aliyeko kwenye pembe. Ni kitendo kidogo, lakini ndicho kinachomtofautisha mlinda ringi anayeweza kuachwa uwanjani katika dakika za mwisho na yule ambaye timu pinzani itaamua tu kutomkaba.

Faida na hasara hizi zote mbili zinaonekana kwa Gobert mwenyewe. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2019 nchini China, alifunga pointi 21 na kuchukua ribaundi 16 Ufaransa ilipoifunga Marekani 89 kwa 79, na ulinzi wake wa mwisho ulikuwa na mchango mkubwa katika ushindi huo. Miaka mitano baadaye, katika robo fainali ya Olimpiki ya Paris dhidi ya Canada, alicheza chini ya dakika tano. Ufaransa ilimtumia Wembanyama kama senta, ikaupanua uwanja, ikashinda 82 kwa 73. Mchezaji ni yuleyule, na kanuni ni zilezile. Kilichobadilika ni aina ya timu iliyohitajika usiku ule, na mlinda ringi asiye na njia ya pili ya kufunga ndiye wa kwanza kuguswa na mabadiliko kama hayo.

Faulo. Hapa njia hii ni ya hatari kuliko zote tatu. Kazi ya mlinda ringi ni kukutana na watu wanaokuja kwa kasi, na kila mkutano ni nafasi ya filimbi. Kanuni zinamlinda mlinzi anayeruka wima ndani ya silinda yake, yaani nafasi iliyo juu ya mahali aliposimama, mikono ikiwa juu, lakini mkono ukishuka hata kidogo faulo ni yake. Somo gumu zaidi kwa kijana ni kuuacha mtupo mmoja upite. Mlinzi anayezuia mitupo minne na kucheza dakika 28 ana manufaa zaidi kuliko anayezuia sita katika dakika 15, kwa sababu katika dakika zile nyingine 13 wapinzani watakuwa wakiingia kikapuni bila hofu.

Muda wa kuzoeana. Ni mfupi. Skrini, kukimbia, ribaundi na ulinzi ni lugha ambayo kila timu inaielewa kuanzia siku ya kwanza, na ndiyo maana timu ya wakubwa inaweza kumbeba kijana wa aina hii mapema, kama Sudan Kusini ilivyofanya na Maluach katika Kombe lake la kwanza la Dunia.

Mwili na mazoezi. Urefu na mikono mirefu havifundishwi, lakini aliyebarikiwa navyo anaweza kuanza amechelewa na bado akafika. Tavares, mwenye urefu wa mita 2.20, alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 17, na baadaye akawa nguzo ya Real Madrid na mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, mwaka 2023. Mazoezi ya lazima ni miguu, skrini iliyonyooka, na mitupo huru. Timu pinzani ikifikisha faulo nne katika robo, kila faulo inayofuata ya ulinzi humpeleka aliyechezewa kwenye mstari kwa mitupo miwili, na senta anayekosa hapo atakuwa ameifanyia kazi timu pinzani.

Njia ya pili: mtupaji wa mbali

Senta huyu huweka skrini, lakini badala ya kukimbilia kikapuni hurudi nyuma hadi mstari wa pointi tatu na kungoja pasi. Johannes Voigtmann wa Ujerumani, timu iliyotwaa Kombe la Dunia la mwaka 2023 mjini Manila kwa kuifunga Serbia 83 kwa 77, ni mtu mrefu wa aina hii. Chet Holmgren, aliyekuwa mchezaji bora wa mashindano yale ya Riga, ni mfano wa kijana aliyeunganisha mtupo wa nje na ulinzi wa ndani.

Nafasi. Hoja kubwa ya njia hii ni kwamba inamng'oa mlinda ringi wa upande wa pili kutoka kwenye makao aliyopewa na FIBA. Kocha pinzani analazimika kuchagua: ama senta wake atoke nje na kuuacha mlango wazi kwa wanaokata kuelekea kikapuni, ama abaki ndani na kumpa kijana mtupo usiosumbuliwa kutoka mita 6.75. Ila tishio hilo lipo tu pale ambapo mtupo huo unaingia. Senta anayesimama nje bila kuingiza humfanyia mlinzi upendeleo, kwa sababu mlinzi atabaki chini ya ringi kwa raha na hakuna mwamuzi atakayemhesabia sekunde. Hapa ndipo ninapoona makosa mengi ya ushauri. Kijana huambiwa kwamba mchezo wa kisasa unataka senta anayetupa, naye anahamia nje akiwa na mtupo usiokomaa, na timu yake inapoteza ribaundi za ushambuliaji bila kupata nafasi iliyokusudiwa.

Faulo. Kwa ushambuliaji njia hii ni salama kiasi, mradi skrini zake zisiwe za kutembea, kwani skrini ya kutembea ni faulo inayohesabiwa kama nyingine yoyote. Kwa ulinzi bado anapaswa kumlinda senta wa upande wa pili, na kama ni mwembamba atasukumwa. Wachezaji wembamba hujibu kwa kushika na kuvuta, na waamuzi huyaona mambo hayo.

Muda wa kuzoeana. Ni mfupi kuliko yote. Kumfundisha mchezeshaji mgeni kwamba senta wake atakuwa amesimama mahali fulani baada ya skrini ni kazi ya siku moja au mbili. Lakini kuna mambo mawili yanayohitaji maandalizi ya mapema. La kwanza ni mpira wenyewe: mashindano ya FIBA hutumia mpira wa Molten wenye vipande 12, tofauti kwa mguso na ule wa vipande vinane unaotumika NBA, na vidole vya mtupaji huitambua tofauti hiyo. Anayetegemea mtupo aanze kufanya mazoezi na mpira huo wiki nyingi kabla ya safari. La pili ni uchovu. Mtupo wa mbali huanzia miguuni, na katika mchezo wa sita ndani ya siku nane miguu ya senta aliyegombania ribaundi kila siku huwa mizito, mitupo ikaanza kugonga mbele ya ringi. Mlinda ringi aliyechoka bado ana urefu wake. Mtupaji aliyechoka huwa amebaki na kidogo.

Mwili na mazoezi. Njia hii haimtaki kijana awe mrefu kupita kiasi, na kwa senta wa mita 2.03 au 2.05 inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kubaki na thamani anapokutana na watu wa mita 2.15. Inataka mkono mwepesi, mtupo wa haraka usiohitaji maandalizi marefu, na uvumilivu wa miaka. Kipimo rahisi ni mitupo huru: asiyeaminika akiwa peke yake mstarini bila mlinzi hana sababu ya kuuhamishia mchezo wake mita mbili nyuma zaidi.

Njia ya tatu: kitovu cha pasi

Arvydas Sabonis, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 na timu ya Umoja wa Kisovieti, aliwaonyesha watu kwamba senta anaweza kuwa mpasi bora kuliko wachezeshaji. Leo njia hiyo inajulikana zaidi kwa Nikola Jokić wa Serbia, aliyekuwa kwenye kikosi kilichopata medali ya fedha katika mashindano ya vijana wa miaka 19 mwaka 2013, na kwa Alperen Şengün, aliyeifikisha Uturuki kwenye fainali ya EuroBasket ya mwaka 2025. Senta kitovu hupokea mpira kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, akaugeukia uwanja, na wenzake wakaanza kumzunguka kwa kukata, kuwekeana skrini na kupokea mpira mkononi kwake.

Nafasi. Ukitazama haraka utadhani uwanja uliojaa wa FIBA unamnyima senta huyu kila kitu, kwa kuwa wanaokata kuelekea kikapuni hukuta njia imezibwa. Mimi nadhani kinyume chake ndicho sahihi, kwa masharti. Mlinzi wake akibaki chini ya ringi, basi hakuna mlinzi mrefu karibu na kitovu, na mtupaji anayekuja kupokea mpira mkononi mwake anapata kizuizi kikubwa cha mwili mbele yake na mtupo ulio wazi nyuma ya kizuizi hicho. Mlinzi akisogea mbele kulizuia hilo, njia ya nyuma inafunguka. Kwa maneno mengine, kanuni inayomnufaisha mlinzi anayekaa nyumbani humpa kitovu swali la kumuuliza katika kila shambulio. Masharti ni kwamba wenzake wawe watupaji na wakataji. Pasi nzuri kwa mtu asiyeingiza haina thamani kwenye ubao wa matokeo.

Faulo. Ana nafuu katika kushambulia, kwa sababu anachezea mbali na msongamano na huamua yeye lini mgusano utokee. Hatari yake iko kwenye ulinzi. Masenta wengi wenye akili ya pasi si wepesi wa kuruka wala kukimbia kando, na wapinzani huwatafuta kwa makusudi kwa kuwawekea skrini mita nane kutoka kikapuni. Kijana wa njia hii anapaswa kujifunza kukaa mahali sahihi kabla hatari haijafika, kwa sababu hawezi kuifukuza ikishapita.

Muda wa kuzoeana. Hapa ndipo njia hii inapotozwa kodi nzito. Pasi ya kitovu hutolewa kwa mtu ambaye bado hajafika anapokwenda, na kwa hiyo wawili hao lazima wawe wamekwisha kusomana. Serbia huweza kumtumia Jokić kwa ukamilifu kwa sababu wenzake wamelelewa katika shule moja ya mchezo ambamo kukata na kupasiana ni mazoea ya utotoni. Katika mchezo wa kuwania shaba mjini Paris mwaka 2024 alipata pointi 19, ribaundi 12 na asisti 11 dhidi ya Ujerumani, Serbia ikishinda 93 kwa 83. Timu ya vijana iliyokusanywa kutoka vyuo, klabu na shule tofauti, tena kwa wiki mbili au tatu, haina utajiri huo. Kitovu kijana katika timu kama hiyo atapoteza mipira mingi katika michezo ya kwanza, na watu watamlaumu kwa pasi ambazo kosa lake lilikuwa la mkataji. Kocha asiyekuwa tayari kuvumilia michezo hiyo miwili ya mwanzo asimpe kijana kazi hii.

Mwili na mazoezi. Njia hii haina urefu maalumu wala haihitaji kasi kubwa. Inahitaji mikono laini, macho, na kudunda mpira kwa utulivu mlinzi akiwa mgongoni. Vijana waliocheza kama wachezeshaji wakiwa wadogo kisha wakarefuka ghafla wana akiba isiyonunulika, na inauma kumwona kocha akimfukuza kijana wa namna hiyo chini ya kikapu kwa sababu tu sasa yeye ndiye mrefu kuliko wote.

Njia zinapokutana

Si lazima kijana afunge ndoa na njia moja maisha yake yote. Marc Gasol alikuwa kitovu cha Hispania iliyotwaa Kombe la Dunia la mwaka 2019, lakini katika nusu fainali dhidi ya Australia, iliyomalizika 95 kwa 88 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, alifunga pointi 33, nyingine kutoka ndani na nyingine kutoka nje. Wembanyama yuleyule wa Riga alirudi mwaka 2024 na kufunga pointi 26 katika fainali ya Olimpiki dhidi ya Marekani, safari hii akiwa na mtupo wa nje uliowalazimisha walinzi kutoka nje kumfuata. Ninachokisisitiza ni utaratibu. Kila mmoja wao alikuwa na jambo moja ambalo timu ingeweza kulitegemea hata siku mbaya, kisha mengine yakajengwa juu yake. Kijana anayejaribu kuzijenga njia zote tatu kwa pamoja katika msimu mmoja wa maandalizi kwa kawaida huingia kwenye mashindano akiwa hana hata moja iliyokomaa.

Chagua kwa hali uliyo nayo

Kama umeanza mchezo huu ukiwa na miaka 14 au zaidi, una urefu na mikono mirefu lakini mpira bado ni mgeni kwako, njia ya mlinda ringi itakupa dakika za kimataifa mapema kuliko nyingine. Ongeza mitupo huru na ile pasi fupi ya kuelekea kwenye pembe kabla ya jambo jingine lolote.

Kama mitupo yako huru inaingia kwa uhakika, na unaona wazi kwamba masenta utakaokutana nao watakuzidi kimo, hamia nje, ila usiiache kazi ya kumsukuma mpinzani mbali na ribaundi. Timu itakusamehe mitupo miwili iliyokosa, lakini haitakusamehe ribaundi ileile iliyochukuliwa mara mbili juu ya kichwa chako.

Kama ulikulia ukichezesha, na timu yako ya taifa ina watupaji wawili au watatu wa kweli ambao umewahi kucheza nao, mwombe kocha akupe mpira kwenye kona ya mstari wa mitupo huru tangu kambi inapoanza, wala usisubiri hadi mashindano. Kama watupaji hao hawapo, ihifadhi njia hii kwa ajili ya klabu yako na ucheze kwa urahisi zaidi ukiwa na timu ya taifa. Hiyo haimaanishi kwamba umeiacha.

Kama unatoka kwenye ligi yenye kanuni za NBA na mashindano yanaanza baada ya wiki tatu, huu si wakati wa kubadili njia. Baki na ile uliyo nayo, utafute mpira wa Molten leo, ujizoeze kuugusa mpira uliokwisha gonga ringi, na ucheze michezo ya mazoezi ukihesabiwa faulo tano.

Kama timu tayari ina mlinda ringi bora kuliko wewe, tazama dakika ambazo yeye hupumzika au hukabwa na faulo. Mara nyingi kocha hatafuti nakala yake kwa dakika hizo kumi au kumi na mbili. Anatafuta senta anayewalazimisha wapinzani kubadili ulinzi wao, na mtupaji au mpasi wa wastani anaweza kumshinda mlinda ringi wa pili kwenye kinyang'anyiro hicho.

Na kama tatizo lako kuu ni faulo, yaani unajikuta benchi ukiwa na mbili kabla ya robo ya kwanza kuisha, basi swali la njia gani linaweza kusubiri. Kwa miezi miwili, mwombe mtu akuandikie katika kila mchezo faulo zako zilitokea wapi: ulipokuwa ukizuia mtupo, ukiweka skrini, ukigombania ribaundi, au ukimfukuza mchezeshaji mbali na kikapu. Faulo zikiwa nyingi kwenye skrini na ribaundi, zinarekebishika kwa miguu, na njia zote tatu bado ziko wazi kwako. Zikiwa nyingi mbali na kikapu, kaa karibu na ringi na umwombe kocha ulinzi usiokutoa nje. Zikiwa nyingi kwenye ringi yenyewe, anza na kuruka wima, na katika michezo mitatu ijayo acha mitupo mitatu ipite bila kuigusa, uone umebaki uwanjani kwa dakika ngapi.